Namna ya Kuondoa Fataki za Dharura za Boti Zilizokwisha Muda

Chini ya kiti cha nahodha, nyuma ya majaketi ya kuokolea na kamba ya nanga, boti nyingi zinazobeba abiria au kupeleka wageni kuzamia katika pwani yetu huwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha. Humo ndimo zinamokaa fataki za dharura, yaani ishara za moto na moshi za kuombea msaada baharini: mienge ya mkononi, roketi za mwavuli, na pengine kopo moja au mawili ya moshi wa rangi ya machungwa. Ukiifungua ndoo hiyo na kuitoa yote iliyomo, mara nyingi utakuta matabaka mawili. Juu ni fataki mpya, zilizonunuliwa wiki moja kabla ya ukaguzi. Chini ni za ukaguzi uliopita, na chini zaidi ni za ule uliotangulia, ambazo hakuna aliyejua azipeleke wapi. Mwongozo huu unahusu tabaka la chini.

Kila fataki imepigwa chapa ya mwezi na mwaka wa kutengenezwa pamoja na tarehe ya kwisha muda. Kwa kawaida tofauti ya tarehe hizo mbili ni miaka 3, na kwa baadhi ni 4. Tarehe ikipita haina maana kwamba baruti imekufa. Maana yake ni kwamba mtengenezaji hadhamini tena itafanya nini ukiivuta kamba: huenda isiwake, huenda ikachelewa kuwaka, na huenda ikawaka upande usiotakiwa ikiwa mkononi mwako. Kutowaka ndilo jambo dogo katika hayo matatu. Kwa hiyo kuanzia siku tarehe ilipopita, kitu hicho kimeacha kuwa kifaa cha kuokolea maisha, lakini hakijaacha kuwa baruti, na utunzaji wake unapaswa kuwa wa uangalifu zaidi kuliko kilipokuwa kipya.

Kwanza, ujue ulichonacho

Aina tatu hizi hazina hatari sawa, na mtu atakayezipokea atataka kujua idadi ya kila moja. Mwenge wa mkononi huwaka kwa moto mwekundu mkali. Kanuni ya kimataifa ya vifaa vya kuokolea maisha inautaka utoe mwanga wa kandela 15,000 kwa muda usiopungua dakika 1. Kopo la moshi hutupwa majini na hufuka kwa muda usiopungua dakika 3. Roketi ya mwavuli ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna vitu viwili: baruti ya kuirusha hadi mita 300 au zaidi, na nyota nyekundu ya kandela 30,000 inayoning'inia kwenye mwavuli mdogo kwa sekunde 40.

Toa fataki moja moja mchana, mahali pakavu penye hewa, mbali na injini, madebe ya petroli, jiko na mtu anayevuta sigara. Usizitikise na usizigonge. Soma tarehe kwenye kila moja, usikadirie kwa kuangalia rangi ya kasha, kwa kuwa seti moja inaweza kuwa na fataki za miaka tofauti. Andika kwenye daftari aina, idadi, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Orodha hii itakufaa sana baadaye, maana mkaguzi akisikia "nina fataki za zamani kidogo" hana la kukujibu, ilhali akisomewa orodha anajua la kufanya.

Kisha angalia hali ya kila fataki bila kuifungua. Chunguza kama kifuniko kimekaa imara, kama kamba ya kuvutia imejificha mahali pake, kama kasha limevimba, limepasuka au limelowa, na kama kitako cha chuma kina kutu. Niliwahi kuonyeshwa mwenge uliokuwa na unga mweupe kuzunguka kifuniko, na mwenye boti alikuwa akiupangusa kwa kidole huku akinihakikishia kwamba ni chumvi ya bahari tu. Pengine ilikuwa chumvi kweli. Lakini ndani ya mwenge wa aina hiyo pia mna chumvi za kikemia zinazoupa moto nguvu na rangi nyekundu, na unga wa chumvi hizo na wa chumvi ya bahari hautofautishwi kwa macho. Ukiona unga, majimaji, kutu iliyotoboa au kasha lililovimba, acha kuishika fataki hiyo. Iache ilipo kama ni mahali salama, ondoa watu karibu yake, na uipigie simu polisi. Kwa Tanzania ni 112, na Zimamoto ni 114. Iliyoharibika haisafirishwi na mwenye boti kwa namna yoyote, hata kwa hatua mia.

Mambo ambayo watu hufanya, na kwa nini yasifanywe

La kwanza ni kuzitupa baharini. Hoja inayotolewa ni kwamba maji huua moto, na kwa fataki hizi hoja hiyo haina msingi. Kanuni ileile niliyoitaja inautaka mwenge wa mkononi uendelee kuwaka baada ya kuzamishwa sekunde 10 chini ya sentimita 10 za maji, yaani umeundwa makusudi ushinde maji. Roketi na mienge huzibwa barabara ili unyevu usiingie, na fataki iliyozama leo inaweza kuibuliwa na nyavu mwezi ujao au kusukumwa ufukweni na kusi, ambako wa kwanza kuiona atakuwa mtoto anayeokota makombe. Bomba jekundu lenye michoro na kamba ya kuvuta linamvutia mtoto kuliko kitu chochote kingine pale mchangani.

Kuziloweka kwenye ndoo ya maji kwa siku kadhaa ni wazo la mtu mwangalifu, na kwa sababu hiyo linadanganya zaidi. Maji yasipoingia, hukufanya kitu. Yakiingia, yanaweza kuzifanya kemikali zichuruzike, na unga wa magnesi, metali inayowaka ndani yake, ukikutana na maji hutoa hidrojeni, gesi inayowaka upesi. Fataki iliyolowa ikakauka tena haitabiriki kabisa. Isitoshe, ndoo hiyo itamwagwa mahali fulani. Perklorati, kemikali inayotumika katika fataki nyingi, huyeyuka upesi katika maji, hukaa humo kwa muda mrefu na huzuia tezi ya shingo kufyonza madini joto. Kwa sababu hiyohiyo kuzifukia uani hakufai, hasa kwetu visiwani ambako mwamba ni wa matumbawe, maji ya juu hupenya haraka, na kisima cha jirani hakiko mbali.

Kuzichoma pamoja na taka ni hatari isiyohitaji maelezo marefu: roketi iliyolala katika moto huruka kuelekea popote kichwa chake kilipoelekea. Kuzifungua ili kutoa baruti ni kazi ya mtaalamu peke yake, na mtaalamu hafanyi hivyo jikoni kwake.

Linabaki kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, nalo hufanywa kwa furaha: kuzirusha usiku wa mwaka mpya au harusini ufukweni. Hapa kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni la kisheria. Kiambatisho cha nne cha kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, kinapiga marufuku kutumia ishara za dharura kwa jambo jingine lolote lisilokuwa kuonyesha kwamba kuna dharura na msaada unahitajika. Nyota nyekundu juu ya mkondo wa Unguja humlazimu nahodha yeyote aliyeiona aiamini, ageuze chombo na atoe taarifa. Sisi tunaoukumbuka usiku wa kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 2011, na alasiri ya kuzama kwa Skagit, Julai 2012, hatuhitaji kuelezwa kwa nini ishara hiyo isizoeleke ikawa kama pambo.

Jambo la pili ni hesabu. Nyota ya roketi imepangiwa kushuka kwa mwendo usiozidi mita 5 kwa sekunde. Katika sekunde 40 itakuwa imeshuka mita 200, hivyo huzimika ikiwa ingali juu angani mita 100 hivi. Hesabu hiyo yote inategemea mwavuli ufunguke. Mwavuli uliokaa miaka kadhaa umekunjwa katika joto la chini ya kiti cha nahodha unaweza kugandamana usifunguke, na hapo nyota huanguka kama jiwe na kufika chini huku muda mwingi wa kuwaka ukiwa bado umebaki. Magnesi inayowaka hupita nyuzijoto elfu moja kwa mbali. Fikiria itue juu ya paa la makuti wakati wa kaskazi, upepo ukivuma na makuti yakiwa makavu, na nyumba ya pili iko umbali wa mkono.

Watu wengine huziweka za zamani kama akiba, wakisema zikikwisha mpya hizi zitafaa. Maoni haya yana watetezi wake hata miongoni mwa manahodha wazoefu, na ziko nchi ambazo hazikatazi kuwa nazo ziada ilimradi idadi ya zilizo hai imetimia. Mimi siyakubali kwa boti ndogo zetu. Saa ya dharura ni usiku, mvua inapiga, mkono unatetemeka na ndoo ni moja. Atakayeingiza mkono atashika itakayotangulia. Ikiwa iliyotangulia ni ya miaka saba iliyopita, dakika uliyopoteza ukingoja iwake ndiyo dakika meli ilipokuwa ikipita.

Kuzihifadhi wakati unasubiri

Kati ya siku ya kuzitenga na siku ya kuzikabidhi huenda zikapita wiki kadhaa, kwa hiyo mahali pa kuzihifadhi ni sehemu ya kazi yenyewe. Ziache katika makasha yake ya asili, uzilaze ndani ya sanduku imara la plastiki au mbao, na kati yake uweke matambara makavu ili zisigongane. Usitumie debe la chuma lililofungwa kwa nguvu, kwa sababu moto ukizibiwa njia hugeuka kuwa mlipuko. Andika juu ya sanduku kwa herufi kubwa: FATAKI ZILIZOKWISHA MUDA – BARUTI – USIFUNGUE, kisha liweke penye kivuli, pakavu, pamefungwa kwa kufuli, mbali na petroli, gesi ya kupikia, betri na rangi. Stoo ya vifaa iliyojitenga inafaa. Chumba cha kulala, chini ya ngazi ya nyumba na buti la gari lililoegeshwa juani havifai. Mtu mwingine mmoja angalau ajue sanduku liko wapi na lina nini, ili moto ukizuka mkiwa hampo, wazimamoto waambiwe kabla hawajasogea.

Zisichanganywe na mpya hata kwa usiku mmoja.

Nani wa kumkabidhi

Anza na aliyekuuzia. Duka la vifaa vya boti linaloagiza fataki kihalali linajua taratibu za kuzileta, na kwa hiyo lina njia ya kuwafikia wanaozisimamia. Muulize kabla ya kulipa kama atazipokea za zamani, kwa sababu jibu la kabla ya malipo huwa zuri kuliko la baada yake. Kama boti yako ina boya la kuokolea linalojijaza hewa, lile la kupanda watu chombo kikizama (liferaft), kumbuka kwamba maboya ya vyombo vinavyofuata mkataba wa usalama wa maisha baharini hupelekwa kituo cha ukaguzi kila baada ya miezi 12, na seti kamili iliyomo ndani ina roketi 4, mienge 6 na makopo 2 ya moshi. Zilizokwisha muda hubadilishwa hapohapo. Hakikisha zile zilizotolewa zinabaki kituoni na zinaandikwa kwenye hati ya ukaguzi, wala hukabidhiwi kwenye mfuko urudi nazo nyumbani kana kwamba ni vipuri.

Njia hizo zisipofaa, wasiliana na mamlaka ya usafiri wa baharini ya mahali boti yako iliposajiliwa: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni KMA iliyoko Mombasa. Hao ndio wanaokagua boti na kukuagiza uwe na fataki, na ni haki yako kuwauliza ziende wapi zinapokwisha. Kwa upande wa baruti yenyewe, Tanzania Bara ina wakaguzi wa baruti walio chini ya Tume ya Madini, na Kenya ina Sheria ya Baruti, Sura ya 115. Polisi Wanamaji nao ni mlango wa kugonga, hasa kwa aliye mbali na mji mkubwa. Baraza la mazingira, yaani NEMC kwa Bara na NEMA kwa Kenya, litahusika ikiwa una shehena, kwa mfano kampuni inayofunga shughuli ikiwa na boti kumi.

Piga simu au andika barua kwanza, na uende mikono mitupu. Maneno yawe kama haya: "Nina mienge 6 ya mkononi na roketi 4 za mwavuli, zimekwisha muda Machi 2023, makasha yake ni mazima, hazina kutu wala unyevu, na zimehifadhiwa stoo ya boti hapa Nungwi. Naomba maelekezo ya kuzikabidhi." Anayejibu atajua mara moja kwamba anazungumza na mtu anayejua alichonacho. Kuingia kituo cha polisi na mfuko wa roketi begani bila taarifa ni kuwatia watu hofu bure, na maelezo yako yatasikilizwa ukiwa umekwisha kuwekwa chini.

Nimeona maombi kama haya yakizungushwa kutoka dawati hadi dawati kwa majuma, huyu akisema ni ya yule. Dawa yake ni barua yenye orodha, nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na subira. Sanduku lililofungwa vizuri linaweza kungoja.

Siku ya kuzipeleka

Ukishaelekezwa, chukua gari la binafsi, mchana, safari moja isiyo na kituo cha njiani. Sanduku lifungwe lisiteleze, lisikae karibu na abiria wala chini ya jua la dirishani, na asiwepo anayevuta sigara. Usilipandishe daladala, bodaboda wala basi. Ukilazimika kuvuka bahari, baruti ni mzigo wa hatari kwa kanuni za kimataifa, na feri ya abiria si mahali pa kuuficha kwenye begi. Mwombe anayezipokea akupangie kivuko, au akuelekeze kwa mtu wa upande wako. Kwa ndege haiwezekani, iwe mzigo wa mkononi au wa chini.

Zikifika, wataalamu huziteketeza katika tanuri maalumu au katika uwanja uliotengwa kwa ajili ya kulipulia baruti, chini ya ulinzi. Huna haja ya kushuhudia, lakini una haja ya karatasi: omba hati ya makabidhiano yenye tarehe, idadi na sahihi, na uiweke pamoja na nyaraka za boti.

Ikiwa moja imewaka kwa bahati mbaya

Bahati mbaya hutokea, hasa kamba ikinasa kwenye mfuko. Mwenge ukiwaka mkononi, unyooshe nje ya boti upande upepo unakoelekea, chini kidogo, usitazame mwanga wake, na uache uungue hadi mwisho. Roketi ikiruka, mara moja ita kwenye redio, chaneli ya 16, taja jina la boti na mahali ulipo, na useme wazi kwamba ishara imetoka kwa makosa na hakuna dharura. Usione haya, aibu ya dakika mbili ni nafuu kuliko boti ya uokoaji kutoka usiku kukutafuta. Fataki iliyovutwa isiwake iendelee kuelekezwa nje, mbali na mwili na uso, usichungulie ndani, na baada ya kungoja kwa muda wa kutosha ichukuliwe kuwa imeharibika, yaani iwekwe pembeni na isiguswe tena hadi waje wanaohusika.

Kupunguza mzigo wa miaka ijayo

Unaponunua seti mpya, soma tarehe kabla ya bei. Fataki inayouzwa kwa punguzo aghalabu imekaa rafuni mwaka mzima, na mwaka huo umekatwa kwenye miaka yako mitatu. Nunua idadi inayotakiwa kwa boti yako, usizidishe. Manahodha wa eneo moja wakipanga kubadilisha mwezi mmoja, orodha zao huwa barua moja, na ofisi iliyoshindwa kumshughulikia mwenye mienge minne itapata sababu ya kutuma gari kwa ajili ya mienge sitini.

Zipo pia ishara zisizo na tarehe ya kwisha. Kiambatisho kilekile cha nne kinatambua kuinua na kushusha polepole mikono iliyonyooshwa pande zote mbili, kitambaa cha rangi ya machungwa chenye mraba na duara jeusi, na bendera ya mraba ikiwa na tufe juu au chini yake. Kioo cha kurushia mwanga wa jua kinagharimu kidogo na hakiozi. Taa za umeme za kumulika SOS zinauzwa sasa, nazo ni nzuri kwa boti ndogo, ila kwa chombo kinachodaiwa fataki na kanuni haziwezi kuchukua nafasi yake, na betri zake nazo zina taka yake. Weka vitu hivi katika ndoo ileile chini ya kiti cha nahodha, mahali pale palipokuwa pamejazwa na tabaka la chini.